Si Kila Damu ni Bawasiri

Ukipita Kariakoo au Manzese jijini Dar es Salaam, hukosi kuiona ile karatasi iliyobandikwa kwenye nguzo ya umeme: bawasiri inatibiwa bila kupasuliwa, piga namba hii. Wapo wanaopiga. Ni watu wazima, wake kwa waume, walioona damu chooni au waliogusa kinyama wakati wa kujitawaza, wakaona heri waongee na mtu wasiyemjua kwenye simu kuliko kumvulia nguo daktari. Wengi wao huwa wana bawasiri kweli, maana bawasiri ni ugonjwa wa kawaida sana. Lakini katika kundi hilo hilo wamo wachache ambao hawana bawasiri hata kidogo. Wana saratani ya njia ya haja kubwa, na kila mwezi wanaoumaliza wakipaka dawa ya nguzoni, uvimbe unazidi kuchimba.

Ugonjwa huu, ukiwahiwa, unapona. Kinachouchelewesha kufika hospitalini ni aibu tuliyoirundika juu ya sehemu hii ya mwili, pamoja na dhana kwamba anayeugua hapo lazima alifanya jambo fulani. Dhana hiyo ina ukweli nusu, na nusu iliyobaki ndiyo inayowaponza watu.

Tuanze na ukubwa wa tatizo. Saratani hii si ya kila nyumba. Makadirio ya dunia nzima kwa mwaka 2020 yalikuwa wagonjwa wapya wapatao 50,000 na vifo kama 19,000, wakati saratani ya mlango wa kizazi mwaka huo huo ilikuwa na wagonjwa wapya zaidi ya 600,000. Katika watu 100,000 wa kawaida, kwa mwaka anaugua mmoja au wawili. Ila hesabu hubadilika ukiwatazama watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi, VVU. Uchambuzi mkubwa wa tafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulikuta kwamba kati ya wanawake 100,000 wenye VVU, 22 hivi huugua kila mwaka. Kwa wanaume wenye VVU wasiofanya ngono na wanaume wenzao ni 32. Kwa wanaofanya ngono na wanaume wenzao na wana VVU ni 85, na wasio na VVU ni 19.

Idadi hiyo ya wanawake 22 inapaswa kumshtua kila mtu wa Afrika Mashariki. Huku kwetu wengi wanaoishi na VVU ni wanawake. Zamani walifariki wakiwa vijana, kabla saratani ya aina hii haijapata muda wa kuota. Leo wanameza ARV, wanalea wajukuu, wanafika miaka 50 na 60, umri ambao ugonjwa huu huanza kujitokeza. Hilo ni zao la mafanikio ya dawa, na huduma zetu zinapaswa kukua pamoja na umri wa wanaozitumia.

Chanzo chake kinajulikana. Takriban visa tisa kati ya kumi vinatokana na virusi vya papiloma, HPV, hasa aina iliyopewa namba 16. Ndiyo aina ile ile inayoongoza kuleta saratani ya mlango wa kizazi. Mjerumani Harald zur Hausen ndiye aliyeigundua ndani ya uvimbe wa mlango wa kizazi mwaka 1983, na mwaka 2008 akatunukiwa Tuzo ya Nobel. Familia ya virusi hivi ni kubwa. Aina namba 6 na 11 huleta masundosundo, vile vinyama vinavyoota sehemu za siri, ambavyo vyenyewe si saratani. Namba 16 haioti kitu kinachoonekana. Inakaa kimya.

Ndani ya njia ya haja kubwa, sentimita chache tu kutoka nje, kuna mahali ambapo utando laini wa utumbo unakutana na ngozi. Seli za mahali hapo hubadilika badilika, na virusi hupenda seli za namna hiyo. Mlango wa kizazi nao una mahali kama hapo, na ndipo saratani yake inapoanzia. Ndiyo maana magonjwa haya mawili yanafanana kama ndugu: kirusi kimoja, aina moja ya seli, hatua zile zile za mabadiliko kabla ya saratani kamili. Kinga ya mwili huvifukuza virusi hivi kwa watu wengi ndani ya mwaka mmoja au miwili. Kwa wachache vinang'ang'ania, vinazima protini mbili ambazo kazi yake ni kuzuia seli kuzaana ovyo, na baada ya miaka mingi, kumi, ishirini hata zaidi, uvimbe unaota. Kinga iliyodhoofishwa na VVU, au na dawa wanazomeza waliopandikizwa figo, inavipa virusi nafasi ya kubaki. Sigara nayo inaongeza hatari.

Sasa tufike kwenye swali ambalo watu hulizunguka. Je, kuingiliwa kinyume na maumbile kunaleta saratani hii? Mwaka 1987 watafiti wa Marekani, wakiongozwa na Janet Daling wa Seattle, walichapisha kazi waliyoifanya katika jimbo la Washington na katika British Columbia nchini Canada. Kwa wanaume, waliowahi kuingiliwa walikuwa na hatari kubwa mara nyingi kuliko wenzao. Kwa wanawake uhusiano ulikuwa hafifu. Mwaka 1997 Morten Frisch na wenzake wakachapisha utafiti wa Denmark na Sweden: katika kila vivimbe 100 walivyovipima, 88 vilikuwa na HPV, na idadi ya wapenzi ambao mtu amewahi kuwa nao ilionekana kuwa na uzito mkubwa, kwa wanawake na kwa wanaume.

Kwa hiyo tendo lenyewe ni njia mojawapo kubwa ya kuvipeleka virusi mahali hapo, na halina haja ya kupambwa wala kufichwa. Anayelifanya bila kondomu, na wapenzi wengi, anajiweka karibu na HPV na karibu zaidi na VVU. Kwa tendo moja bila kinga, na mwenzi mwenye VVU asiyetumia dawa, hatari ya kuambukizwa VVU kwa anayeingiliwa nyuma ni kama 138 kwa matendo 10,000. Kwa mwanamke anayeingiliwa mbele ni kama 8. Mabinti wanaoambiwa na wapenzi wao kwamba njia ya nyuma ni salama kwa sababu haileti mimba na haiondoi bikira, wanadanganywa jambo linaloweza kuwagharimu maisha, na nasikitika kwamba mara nyingi hawana mtu mzima wa kumuuliza.

Lakini HPV haihitaji tendo hilo ili ifike nyuma. Inaenea kwa ngozi kugusana na ngozi, kwa vidole, na kwa majimaji yanayoshuka kutoka ukeni, kwani kutoka mbele hadi nyuma kwa mwanamke ni hatua fupi sana. Mwanamke ambaye maisha yake yote amelala na mume wake tu, kwa njia ya kawaida tu, anaweza kuwa na HPV mlangoni mwa kizazi na pia kwenye njia ya haja kubwa. Mwanamke aliyewahi kutibiwa mabadiliko ya mlango wa kizazi au ya mashavu ya uke yuko kwenye hatari zaidi kuliko wengine. Huyo mama, akigundulika na ugonjwa huu, hana la kujieleza kwa mtu.

Kondomu inapunguza maambukizi ingawa haiyazuii yote, maana virusi vinaishi pia kwenye ngozi ambayo kondomu haiifuniki. Mafuta ya mgando na mafuta ya nazi yanaidhoofisha kondomu ya mpira na kuipasua. Kinachofaa ni kilainishi cha maji. Tabia ya kujisafisha kwa ndani kwa sabuni, ndimu au dawa za kienyeji, mbele au nyuma, inachubua utando na kufungua njia kwa virusi. Maji ya nje yanatosha. Na pilipili, kiti cha moto au choo kigumu haviumbi saratani hii, wala bawasiri haigeuki kuwa saratani. Ni magonjwa mawili tofauti yanayofanana kwa dalili tu.

Dalili zenyewe ni damu, muwasho usiokwisha, maumivu, hisia kwamba kuna kitu kimekwama, kinyama au uvimbe, ute unaochafua nguo ya ndani, kushindwa kujizuia haja kubwa, au mitoki kinenani. Zisome tena uone ni ngapi ambazo mtu wa kwetu angeziita bawasiri au mgolo bila kufikiri mara mbili. Wako wasio na dalili yoyote mpaka ugonjwa ukue.

Na hapa sheria inaingia. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania na kifungu cha 162 cha Kenya vinalihesabu tendo la kinyume na maumbile kuwa kosa la jinai lenye kifungo kirefu. Sina nia ya kuijadili sheria hiyo hapa. Ninachokijali ni mgonjwa aliyekaa kwenye benchi la zahanati, anayeogopa kwamba akisema anatoka damu nyuma ataulizwa mbele ya watu alifanya nini na nani. Akitazama mlango ulio wazi na foleni iliyomsikiliza mwenzake, anasema tumbo linamuuma. Anapewa dawa za minyoo, anarudi nyumbani. Daktari anapouliza kuhusu ngono anauliza kwa ajili ya tiba, na siri ya mgonjwa ni wajibu wake wa kazi. Lakini wajibu huo hauna maana kama mlango wa chumba haufungwi.

Wanaume wana kikwazo kingine. Kipimo cha kidole wamekisikia kupitia tezi dume, na wamekikataa tangu huko, wengine wakiapa kwamba bora kufa. Basi ni vizuri kieleweke kilivyo. Mgonjwa analala kwa ubavu wa kushoto, magoti yamekunjwa kuelekea kifuani, shuka limefunika kiuno. Muuguzi anasimama upande wa uso wake: "Baba, vuta pumzi taratibu. Utahisi kama haja inataka kutoka, haitatoka." Daktari anaangalia kwanza ngozi ya nje, kama ina kidonda, rangi iliyobadilika au masundosundo. Kisha anapaka jeli kwenye glavu, anaingiza kidole kimoja na kukizungusha mduara mzima, akiupapasa ukuta taratibu. Bawasiri ya ndani huwa laini, mara nyingi kidole hakiihisi kabisa. Saratani huwa ngumu kama kokwa, imeshika chini, haisogei. Baadaye anapapasa kinena kutafuta mitoki. Yote hayo hayamalizi dakika mbili tatu. Akihisi kitu, anatumia mrija mfupi wenye mwanga kutazama ndani na kukata kinyama kidogo kipelekwe maabara. Kinyama hicho tu ndicho kinachoweza kusema kwa uhakika ni nini.

Mwigizaji wa Marekani Marcia Cross, aliyejulikana duniani kwa tamthilia ya Desperate Housewives, aligunduliwa hivyo hivyo mwaka 2017. Alikwenda kwa daktari wake wa magonjwa ya wanawake kwa uchunguzi wa kawaida wa mwaka, hana dalili yoyote, na kidole cha daktari kikakuta uvimbe. Akatibiwa kwa mionzi na dawa, akapona. Mwaka 2019 alijitokeza hadharani kueleza, na akasema jambo ambalo wengi hawakulijua: mumewe alikuwa ameugua saratani ya koo mwaka 2009, na madaktari waliona kwamba huenda magonjwa yote mawili yalitokana na aina moja ya HPV. Virusi vya papiloma vinaweza kukaa kooni pia. Kabla yake alikuwapo Farrah Fawcett, aliyegunduliwa mwaka 2006. Alirekodi matibabu yake kwa kamera, filamu ikaonyeshwa kwenye televisheni Mei 2009, akafariki Juni 25 mwaka huo akiwa na miaka 62. Ilikuwa siku aliyofariki Michael Jackson, na dunia ikamsahau mapema kuliko alivyostahili. Wanawake wale waliitaja sehemu iliyougua kwa jina lake, mbele ya mamilioni ya watu. Naamini yapo maisha yaliyookolewa na kutaja kule.

Matibabu yenyewe yana kisa kinachofaa kujulikana, kwa sababu hofu kubwa ya wagonjwa ni upasuaji. Hadi miaka ya 1970, aliyegundulika alikatwa puru na njia yote ya haja kubwa, akatobolewa tumboni, akaishi na mfuko wa kinyesi hadi mwisho wa maisha yake. Norman Nigro, daktari wa upasuaji wa Detroit, alianza kuwapa wagonjwa mionzi na dawa mbili, mitomaisini na fluorourasili, ili kuupunguza uvimbe kabla ya kupasua. Mwaka 1974 alitoa taarifa ya wagonjwa wake wa mwanzo: kwa waliopasuliwa, sehemu iliyokatwa haikuonekana kuwa na saratani tena. Uvimbe ulikuwa umekwisha kabla kisu hakijafika. Tangu hapo mionzi pamoja na dawa ndiyo tiba ya kwanza, na upasuaji mkubwa huachiwa wale ambao saratani yao haikuisha au imerudi. Ugonjwa ukikamatwa ukiwa bado mahali pake, zaidi ya watu 8 kati ya 10 huwa hai baada ya miaka mitano. Ukishasambaa kwenye ini au mapafu, ni kama mmoja katika watatu.

Mionzi hutolewa siku tano kwa wiki, kwa wiki tano au sita. Kwetu hupatikana Taasisi ya Saratani Ocean Road, Bugando jijini Mwanza, na kwa Kenya katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Si tiba nyepesi. Ngozi ya huko huungua, kukaa kunauma, kwenda haja kunauma zaidi, na mgonjwa aliyetoka Sumbawanga au Mtwara anahitaji pa kulala na wa kumpikia muda wote huo. Familia inayomficha mgonjwa wake kwa aibu haiwezi kupeana zamu za kumwangalia wodini. Hili nimeliona kuwa mzigo mzito kuliko gharama ya dawa.

Kuna hatua moja kabla ya hapo, yaani kuyatibu mabadiliko ya seli kabla hayajawa saratani. Joel Palefsky wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, aliongoza utafiti uliowachukua watu zaidi ya 4,400 wanaoishi na VVU, wenye miaka 35 na kuendelea, ambao tayari walikuwa na mabadiliko makubwa. Nusu walitibiwa, wengi kwa kuchomwa sehemu iliyoharibika kwa umeme, na nusu wakafuatiliwa tu. Matokeo yalitoka mwaka 2022: waliopata saratani upande wa waliotibiwa walikuwa 9, upande wa pili 21. Hatari ilipungua kwa asilimia 57. Mabadiliko hayo hutafutwa kwa darubini maalumu baada ya kupaka siki, siki ile ile ambayo wauguzi wetu huitumia kupima mlango wa kizazi. Darubini hizo na wataalamu wake ni wachache hata katika nchi tajiri. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2024 umelitambua hilo, na unasema pasipo na darubini, kidole kitumike.

Chanjo ndiyo kinga ya kudumu kwa kizazi kinachokuja. Rwanda ilitangulia Afrika kuwachanja wasichana nchi nzima mwaka 2011, Tanzania ikaanza 2018, Kenya 2019. Mwaka 2024 Tanzania ilihamia dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Ilitangazwa kuwa chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi, na mzazi wa kiume alibaki akidhani haimhusu. Chanjo hiyo hiyo inakinga njia ya haja kubwa: katika majaribio kwa wanaume vijana, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011, mabadiliko ya hatari yalipungua kwa zaidi ya nusu. Australia huwachanja wavulana tangu 2013. Wetu hawamo kwenye mpango, na ningependa siku ifike waingie. Kwa sasa mzazi mwenye binti wa umri huo asikubali maneno ya mitaani kwamba sindano hiyo inaua uzazi. Na mtoto anayeishi na VVU anahitaji zaidi ya dozi moja: Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau mbili, na ikiwezekana tatu.

Kwa watu wazima, nafasi kubwa ipo kwenye kliniki za CTC, zinazowahudumia wanaoishi na VVU. Pale wanawake wenye VVU huitwa kupimwa mlango wa kizazi. Kitanda kipo, pazia lipo, glavu zipo, na muuguzi anayewajua kwa majina yupo. Anaweza kumuuliza mama aliyelala pale, kwa sauti ya chini, "Mama, ukienda haja unaona damu? Kuna kinyama chochote unachokigusa?" Akijibu ndiyo, apimwe kwa kidole hapo hapo. Baba anayechukua dawa zake dirisha la pili aulizwe vivyo hivyo, chumbani, mlango umefungwa. Na wewe ambaye hakuna aliyekuuliza, kama damu imeonekana zaidi ya wiki mbili, nenda useme maneno haya: "Daktari, natoka damu njia ya haja kubwa, naomba unipime kwa kidole." Akikuandikia dawa ya bawasiri bila kukugusa, omba tena, au nenda hospitali nyingine.